Kiwiko cha Mkunga

Kuhmo, Januari, digrii ishirini na saba chini ya sifuri.
Beseni letu la nje limezima hita,
na kwenye paneli herufi mbili zinapepesa
kama macho ya mtu aliyekumbushwa deni.

Kauko amekwisha kuvuka ua, taulo begani, kofia ya sufu kichwani,
maana Jumamosi ni Jumamosi.
"Aune, mbona halitoi mvuke?"
Rudi ndani ukachemshe kahawa, namwambia,
hapa pana mgonjwa.

Miaka thelathini na minne nimezalisha watoto wa mji huu,
na sikumwosha hata mmoja kwa kuamini kipimajoto.
Kwanza kiwiko.
Nakunja mkono wa sweta, nachovya:
chai iliyosahauliwa dirishani.
Kumi na tisa, nakisia.
Paneli inasema hamsini na mbili.
Hamsini na mbili! Kiwiko kingetoka kimeiva kama kiazi.

Nazima umeme kwenye boksi la ukutani,
narudi kuhakikisha nimezima,
napiga magoti juu ya gazeti la jana.
Skrubu sita zinatii, ya saba imeota kutu.
Ndani, kwenye bomba la hita, vihisi viwili:
kimoja cha kupima,
kimoja cha kulinda, kikate moto kabla maji hayajamchoma mtu.
Kwa sura ni pacha.
Pacha nawajua. Huwatofautishi kwa kuwatazama,
unangoja walie.

Mita mkononi, glavu zimekatwa vidole.
Cha kwanza: omu elfu kumi na tatu. Haya, maji ni baridi, tumekubaliana.
Cha pili: elfu tatu na ushei.
Viumbe hawa wakipata joto husema kidogo,
wakipata baridi husema kingi.
Kauko ni kinyume chao.

Mwongo mwongoze.
Nakichomoa cha kwanza, nakizika thelujini:
tarakimu zinapanda, ishirini, ishirini na tano, thelathini na moja elfu.
Nakizika cha pili, nahesabu hadi mia mbili.
Ng'o.
Elfu tatu na ushei,
kimelala thelujini kikiapa kinaungua.

Mimi niliwahi kuuguza kinyume cha huyu.
Raakel, kitanda cha dirishani, siku ya tatu baada ya kujifungua,
midomo imepasuka kwa homa:
"Sijambo, nesi. Sijambo."
Nami usiku ule nilikuwa nimechoka,
nikaandika kwenye kadi, hajambo.

Pale shingoni mwa waya unyevu umepenya,
shaba imeota kijani
kama mkate wa wiki mbili.

Kauko anatoka na vikombe, na wazo.
"Mbadilishie waya, umdanganye. Lori langu nililifanyia hivyo miaka tisa."
Kwani lori ulikuwa unaogea?
Ananyamaza, anakunywa vikombe vyote viwili.

Basi mwongo narudisha mahali pake,
hita ilale, pampu izunguke usiku na mchana,
maana maji yakisimama kwa baridi hii
bomba litapasuka kabla ya posta kufunguliwa.

Jumanne kinakuja, kifurushi cha ukubwa wa kiberiti,
nauli imezidi bei.
Nakifunga, napaka mafuta ya silikoni kwenye maungio,
nawasha. Taa nyekundu.
Digrii kumi na moja, kwa kasi ya mbili kila saa.
Pale mezani jikoni nimeketi bila taa,
naitazama nukta ile nyekundu kupitia kioo
jinsi ambavyo kadi ile sikuitazama mara ya pili.

Saa saba usiku, thelathini na nane.
Mvuke umesimama wima juu ya ua.
Na Kauko naye, taulo begani, sijui alilala au hakulala,
anavuka theluji akiuliza kwa sauti ya kuamsha mtaa:
"Imefika? Paneli inasema ngapi?"

Ngoja, namwambia,
nikikunja mkono wa sweta.